KIOO CHA KOMPYUTA KIKIWA CHEUSI: TUKAGUE KABLA YA KUNUNUA NYINGINE



Miongoni mwa maombi yanayofika mara kwa mara katika ofisi ya miradi ni barua fupi yenye ujumbe mmoja: kompyuta ya usharika imekufa, tunaomba nyingine. Tukiuliza imekufaje, jibu huwa karibu lile lile. Kioo ni cheusi. Mtu anawasha, taa ndogo zinawaka, feni inasikika, lakini hakuna kinachoonekana.

Makala hii inaeleza maana ya hali hiyo na hatua za kuchukua. Nia si kumfanya kila katibu au mzee wa kanisa kuwa fundi. Nia ni kuiwezesha kamati, kwa muda usiozidi saa moja na bila kufungua skrubu hata moja, ijue tatizo liko wapi, kumbukumbu za mradi zimesalimika au la, na fundi aulizwe nini. Wafadhili nao wataona kwa nini wakati mwingine tunaomba fedha kidogo ya matengenezo badala ya kompyuta mpya, na kwa nini ombi la namna hiyo ni ishara ya kazi nzuri.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Kompyuta ya usharika ina thamani kuliko kioo chake. Ndani yake kuna hesabu za mapato na matumizi, orodha ya watoto wanaolipiwa ada, majina ya wanachama wa vikundi vya akiba na mikopo, picha za ujenzi wa tangi la maji, na taarifa ya robo mwaka inayosubiriwa. Vitu hivi huhifadhiwa kwenye diski, na diski ni kifaa tofauti kabisa na kioo. Kioo kinapozima, mara nyingi diski haijaguswa hata kidogo.

Hasara kubwa huja baadaye, kwa mikono yetu wenyewe. Kompyuta hutupwa stoo ikashika vumbi na unyevu, au huuzwa kama skrepa ikiwa na majina ya watu ndani yake, au hupelekwa kwa fundi ambaye, kwa kuwa hakuelezwa lolote, anapiga Windows upya na kufuta kila kitu. Hapo ndipo kamati inapojikuta haina cha kumwonyesha mkaguzi wala mfadhili, wakati tatizo la awali lilikuwa waya mmoja tu.

KIOO KINAFANYAJE KAZI

Kioo cha kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyoiita, kwa kawaida hakitoi mwanga chenyewe. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni bamba jembamba linalotengeneza picha kwa kuruhusu au kuzuia mwanga kupita. Ya pili ni taa iliyo nyuma au pembeni mwa bamba hilo. Mfano mzuri ni dirisha la kanisa lenye vioo vya rangi: michoro ipo wakati wote, lakini usiku, bila mwanga wa upande wa pili, huoni kitu.

Katika kompyuta za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya takriban mwaka 2010, taa hiyo ni mrija mwembamba unaofanana na tyubulaiti ndogo, na huendeshwa na kibao kidogo kiitwacho inveta. Katika kompyuta za baadaye taa hizo ni za LED, na hakuna inveta. Zipo pia kompyuta chache za bei kubwa zenye vioo vya OLED, ambavyo hutoa mwanga vyenyewe.

Picha husafiri kutoka bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi, kwenda kwenye kioo kwa waya mwembamba unaopita kwenye bawaba za kifuniko. Kwa hiyo giza linaweza kutoka sehemu tano: taa, bamba, waya, bodi kuu pamoja na vifaa vyake, au programu zenyewe. Hatua zifuatazo zinatenganisha sehemu hizo moja baada ya nyingine. Zifuateni kwa mpangilio, na mwandike mnachokiona katika kila hatua.

HATUA YA 1: JE, KOMPYUTA IKO HAI?

Unganisha chaja na uwashe. Tazama kama taa ya umeme inawaka. Weka sikio karibu usikie feni. Subiri dakika mbili, kisha bonyeza kitufe cha Caps Lock. Kama kina taa, nayo inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, basi kompyuta inafanya kazi na inakusikiliza. Sauti ya kuanza kwa Windows pia ni ushahidi huo huo.

Kama hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti, tatizo si kioo. Jaribu soketi nyingine, kisha chaja nyingine yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye lebo ya ile ya kwanza, na uwezo wa ampea usiopungua wa ile.

HATUA YA 2: VITUFE NA SUMAKU

Tafuta kitufe chenye alama ya jua kwenye mstari wa juu wa kibodi. Kibonyeze mara kadhaa, na kama haisaidii, kibonyeze pamoja na kitufe cha Fn. Mwanga ukiwa umeshushwa hadi mwisho, baadhi ya vioo huonekana kama vimezimika. Kompyuta nyingine zina kitufe maalumu cha kuzima kioo, ambacho mtoto au kitambaa cha kufutia vumbi kinaweza kukibonyeza.

Kisha fikiria projekta. Baada ya semina au mkutano mkuu wa usharika, kompyuta huweza kuachwa katika mpangilio wa kutuma picha nje peke yake. Shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze P mara moja, halafu Enter. Subiri sekunde tano. Kama hakuna mabadiliko rudia, safari hii ukibonyeza P mara mbili, kisha mara tatu. Katika Windows 10 na Windows 11 upo pia mchanganyiko wa vitufe vinne, Windows, Ctrl, Shift na B, vikibonyezwa pamoja. Huo huamsha upya programu inayoendesha picha, wala haufungi kazi uliyokuwa ukiifanya.

Mwisho, ondoa vitu vyenye sumaku karibu na kibodi, kama vile simu yenye kifuniko cha sumaku au beji ya jina. Kompyuta nyingi hutambua kwa sumaku kuwa kifuniko kimefungwa. Sumaku ngeni huidanganya mashine nayo ikazima kioo au ikalala.

HATUA YA 3: JARIBIO LA TOCHI

Ingieni kwenye chumba chenye giza kompyuta ikiwa imewashwa. Mulikeni tochi ya simu kwenye kioo kwa upande, karibu kabisa, mkiisogeza polepole. Mkiona kwa mbali maandishi, alama ya Windows au sehemu ya kuandika nywila, basi picha ipo na taa ya nyuma ndiyo iliyokufa. Katika kompyuta ya zamani, inveta au mrija ndio wa kushukiwa kwanza. Katika ya LED, ni taa zenyewe, fyuzi ndogo kwenye bodi kuu, au waya.

Kama hamkuoni kitu, msikate tamaa. Maana yake ni kwamba picha haifiki kwenye bamba, au bamba lenyewe limeharibika. Kumbukeni kuwa jaribio hili halina maana kwa kioo cha OLED, kwa sababu hakina taa ya nyuma.

HATUA YA 4: KIOO CHA NJE

Hii ndiyo hatua yenye majibu mengi zaidi. Zimeni kompyuta, kisha iunganisheni na televisheni, monita au projekta kwa waya wa HDMI. Kompyuta za zamani zina tundu la VGA, lenye matundu madogo 15 na mara nyingi la rangi ya buluu. Chagueni kwenye televisheni tundu mlilochomeka, washeni kompyuta mkikiacha kifuniko wazi, na msubiri dakika mbili. Picha isipotokea, rudieni vitufe vya Windows na P.

Picha ikitokea nje, shukuruni. Bodi kuu ni nzima, diski inasoma, na ugonjwa uko kwenye kioo, taa au waya wake tu. Kabla ya kufanya jambo jingine lolote, chomekeni flashi au diski ya nje na mnakili mafaili yote ya mradi hapo hapo. Msiseme mtanakili kesho.

Picha isipotokea popote, lakini Caps Lock inaitika, inawezekana ni tundu au waya wa nje ndio mbovu, hivyo jaribuni kingine. Kama Caps Lock nayo haiitiki, tatizo huenda liko ndani zaidi. Nendeni hatua ya 6.

HATUA YA 5: CHEZESHENI KIFUNIKO

Kompyuta ikiwa imewashwa, inua na ushushe kifuniko taratibu. Kama picha inakuja na kupotea, au mistari inatokea kifuniko kikiwa katika pembe fulani, waya unaopita kwenye bawaba umekatika kidogo au umelegea. Hili ni kosa la kawaida kwa kompyuta zinazofunguliwa na kufungwa kila siku. Waya hugharimu kidogo kuliko kioo kizima, kwa hiyo fundi anayetaka kubadilisha kioo bila kuukagua aulizwe sababu.

HATUA YA 6: KUMALIZA UMEME ULIOBAKI

Zimeni kabisa. Chomoeni chaja, flashi, printa na kila kilichochomekwa. Kama betri inatoka kwa nje, itoeni. Shikilieni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisheni chaja peke yake na kuwasha. Baadhi ya bodi hukwama baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla, na njia hii huzifungua. Kazi ambayo haikuhifadhiwa itapotea, ndiyo sababu tumeiweka baada ya jaribio la kioo cha nje.

Kama bado ni giza, na mnasikia milio au kuona taa ikimweka kwa kurudiarudia, hesabuni na mwandike. Hiyo ni lugha ya kompyuta ya kumweleza fundi sehemu iliyoshindwa. Mara nyingi ni kadi ya RAM iliyolegea au iliyoshika vumbi. Fundi mwaminifu huitoa, huisafisha na kuirudisha kwa muda mfupi. Msikubali neno "bodi imeungua" kabla kazi hiyo haijafanyika mbele yenu.

HATUA YA 7: GIZA LINAANZA LINI?

Tazameni sekunde za kwanza baada ya kuwasha. Kama nembo ya kiwanda inaonekana vizuri, halafu giza linakuja Windows inapoanza, kioo, taa na waya ni vizima. Ugonjwa uko kwenye programu, mara nyingi ile ya kuendesha picha baada ya masasisho. Hapa fundi huingia kwa njia ya dharura ambayo kwenye kioo huandikwa Safe Mode, na kurekebisha bila kufuta chochote. Kumbadilishia kioo mgonjwa wa namna hii ni kutupa fedha ya watu.

KWA MUHTASARI

- Hakuna taa wala feni: chaja, soketi, betri au bodi.
- Picha hafifu kwa tochi: taa ya nyuma au umeme wake.
- Picha ipo nje, ndani hakuna hata kwa tochi: waya au bamba.
- Picha inakuja na kuondoka kifuniko kikisogezwa: waya wa kwenye bawaba.
- Milio au taa inayomweka, giza kote: RAM kwanza, kisha bodi.
- Nembo inaonekana kisha giza: programu.

KUMPELEKA FUNDI

Nendeni watu wawili, mmoja akiwa mhasibu au mjumbe wa kamati. Andikeni namba ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta kabla ya kuiacha. Ombeni makadirio kwa maandishi kutoka kwa mafundi wawili. Mwelezeni fundi kwa maneno ya wazi, na ikibidi kwa karatasi yenye sahihi, kuwa haruhusiwi kufuta diski wala kupiga Windows upya bila idhini ya kamati. Ombeni kifaa cha zamani kirudishwe kwenu pamoja na risiti.

Kama ni kioo kinachobadilishwa, vipimo vinavyotakiwa ni ukubwa kwa inchi, idadi ya pini za kiunganishi, ambazo mara nyingi ni 30 au 40, na idadi ya nukta za picha, kwa mfano 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Namba ya kioo imeandikwa nyuma ya bamba lenyewe, na ndiyo ya kununulia.

Taarifa za walengwa ni amana. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tulinde majina na habari za watu tulizokusanya. Kwa hiyo, inapowezekana, diski itolewe na kubaki kwa mhasibu wakati kioo kinatengenezwa. Diski nyingi zinaweza kuwekwa kwenye kasha dogo la USB na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, ingawa katika baadhi ya kompyuta nyembamba hifadhi imelehemiwa kwenye bodi na haitoki.

Angalizo moja kubwa. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa ufunguo wa siri wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo, diski ikihamishwa haisomeki. Mara nyingi ufunguo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeifungua kompyuta mara ya kwanza. Kama huyo alikuwa katibu aliyehamia usharika mwingine, tafuteni ufunguo leo, uchapeni, na muuweke kwenye sefu pamoja na hati nyingine za usharika.

TUTENGENEZE AU TUNUNUE?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, si kila kompyuta inafaa kutengenezwa. Kamati ijiulize maswali matatu.

Kwanza, makadirio ya fundi ni sehemu gani ya bei ya kompyuta nyingine inayofaa kwa kazi hiyo? Kama yanakaribia nusu yake na mashine ni ya miaka mingi, fikirini mara mbili.

Pili, programu zake bado zinapata ulinzi? Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya takriban mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mashine ya namna hiyo inaweza kuwekewa Linux, ambayo haina malipo, au ikabaki ya kuandikia bila kuunganishwa na intaneti.

Tatu, je, inaweza kutumika bila kioo chake? Kompyuta iliyo nzima ikiunganishwa na monita kuukuu hufanya kazi ya ofisi kwa miaka. Kwa usharika wenye umeme wa uhakika na meza moja ya mhasibu, hilo mara nyingi ndilo suluhisho rahisi kuliko yote.

Inayotupwa nayo itupwe kwa uangalifu. Mirija ya vioo vya zamani ina zebaki, hivyo isivunjwe wala kuchomwa. Betri iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa tena.

KINGA

Msinyanyue kompyuta kwa kushika kifuniko. Kagueni kibodi kabla ya kufunga, kwa maana kalamu moja iliyosahaulika huvunja kioo. Kwenye pikipiki ibebwe mgongoni katika mkoba wenye sponji, si kufungwa kwenye keria chini ya mzigo. Umeme ukikatika chomoeni chaja, na msubiri utulie baada ya kurudi. Zaidi ya yote, kila Ijumaa nakilini kazi kwenye diski ya nje inayohifadhiwa katika jengo jingine.

NENO KWA WAFADHILI NA KAMATI

Katika bajeti nyingi za miradi kuna kasma ya kununua kompyuta, na hakuna kasma ya kuitunza. Matokeo yake ni kwamba ni rahisi zaidi kuomba mpya kuliko kupata fedha ya waya. Tunawaomba marafiki wetu mkubali kiasi kidogo cha matengenezo na diski ya akiba kiingizwe katika kila mradi wenye kompyuta. Nasi tunaziomba kamati, kabla ya kuandika kuwa kompyuta imekufa, ziambatishe karatasi yenye majibu ya hatua hizi saba. Ofisi ya miradi itaipa kipaumbele barua yenye karatasi hiyo, kwa kuwa itakuwa imekwisha kutueleza kama kinachohitajika ni kompyuta, kioo, waya, au kubonyeza vitufe viwili tu.